Nuru ya Jicho Hutiwa na Mwenyewe

Nimestaafu. Nacheka nikiliandika neno hili, maana huku mtaani naitwa "yule aliyetoka ndani", na mama yangu akiulizwa na majirani husema nilikuwa safarini. Mimi nasema nilikuwa kazini. Muda wote niliokaa katika lile gereza letu la upande wa bara nilichora nyuso za watu, tangu asubuhi mpaka king'ora cha kufungiwa. Mtu akiacha kazi aliyoifanya namna hiyo, basi amestaafu, hata kama ana miaka thelathini na kitu na ndevu zake bado zinasitasita.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye meza ya rangi, hasa wageni mlioingia mezani wakati mimi nimeshaanza kugawa sabuni yangu. Habari za vyeo na malipo siandiki. Cheo changu kilikuwa namba kifuani, na ujira wetu mnaujua: weka akiba mwaka mzima, utapata chai na mahamri, tena mahamri ya jana. Kilichonifunga nacho sikiandiki. Nimekwisha kukilipa, na hakimsaidii mtu kuchora pua. Na wewe afande unayeisoma karatasi hii kabla haijawafikia wenyewe, shikamoo. Soma yote usiruke. Mwishoni nina neno nawe.

Siku yangu ya kwanza mezani niliipata kwa uongo. Tumepangwa uani, tumechuchumaa wawili wawili, afande akauliza nani anajua kushika brashi. Nikadhani ni kupaka chokaa, na chokaa ni afadhali kuliko kuvunja kokoto juani. Nikanyoosha mkono. Kumbe anatafutwa msaidizi wa Fundi Mbwana, aliyekuwa akiandika vibao vya ofisi za gereza na, kwa ruhusa ya mkuu wa wakati ule, kuwachora wafungwa picha za kupeleka nyumbani. Fundi alikuwa mzee wa Likoni, kabla ya kufungwa akiandika majina ya maduka na vibanda kote kule hadi Mtongwe. Alikuwa Mmvita wa zamani: njoo kwake ni ndoo, jicho ni jito, na macho ni mato.

"Ndoo hapa," akaniita. "Wajua kuchora?"

"Najua, mzee. Shikamoo."

"Waanza na uongo, kisha ndiyo wasalimu? Haya, marahaba. Nichoree sikio."

"Sikio la nani?"

"La yule." Akanionyesha kwa kidevu askari aliyesinzia mlangoni.

Nikachora kitu kama andazi lililoumwa na panya. Fundi akaliangalia, akaligeuza juu chini, akaliangalia tena.

"Hili halisikii, yakhe. Kesho chora jingine."

Nilichora masikio mpaka nikayaota. Nilipolalamika kwamba sikuletwa duniani kuchora masikio, alinijibu kwa upole: "Uso mtu huugeuza akikuona wamtazama. Sikio halijui kujifanya. Ukilijua sikio la mtu, mwenyewe atakuja nyuma." Wallahi ni kweli. Wageni, anzeni na masikio. Mkianza na macho mtachora mlichokisikia kumhusu mtu, na humo ndani kila mtu keshasikika vya kutosha.

Vifaa sasa. Msisubiri kuletewa. Kitambaa chetu kilikuwa magunia ya unga, tunayafua, tunayakaza kwenye fremu za mbao za karakana ya useremala, kisha tunayapaka uji mwepesi usio na sukari. Uji wenye sukari huleta sisimizi. Nina picha ya bwana mmoja aliyeliwa shavu. Nyeupe tuliipata kwenye mabaki ya rangi ya kuchorea barabara, nyeusi ni masizi ya jikoni, nyekundu ni vumbi la kigae. Rangi ya ngozi haiko dukani wala haiko gerezani, lazima uitafute: vumbi la kigae, masizi kidogo, na chai ya rangi iliyokolea. Mtu wa bara hunywa chai zaidi kuliko mtu wa pwani. Huo ni utani, lakini chai ni kweli.

Brashi hazikuwako. Nywele zetu fupi, zajikunja, hazifai. Fundi alikuwa na brashi moja nyembamba ya manyoya ya mkia wa paka, kayafunga kwa uzi kwenye mrija wa kalamu. Paka mwenyewe alikuwa akilala bohari ya mchele, mnene kuliko sisi sote, na mpaka leo sijui Fundi alimpataje akatulia.

Yapo mambo mawili pale mezani ambayo hayakuandikwa popote, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza ni kuvalisha. Humo ndani sote tunavaa kunguru, ile sare ya mistari. Lakini mezani kwa Fundi hakuna aliyechorwa na kunguru. Swali la kwanza lilikuwa: "Wataka kuvaa nini?" Watu wazima walikuwa wakijitazama mistari kifuani wakiulizwa hivyo. Mmoja alitaka kanzu na kofia ya viua, mwingine suti na kalamu tatu mfukoni, kijana mmoja jezi ya timu ya mtaani kwao. Jamaa mmoja mcheshi alitaka jino la dhahabu ambalo hakuwa nalo.

"Jino ni nguo?" nikamuuliza Fundi.

"Mvalishe. Kwani lakuuma wewe?"

La pili ni nuru. Mnajua kwamba jicho likichorwa bila ile nukta nyeupe ndani ya mboni, hubaki kama shimo. Tia nukta, mtu anakutazama. Fundi hakuitia kamwe. Alimaliza picha yote, kisha akamwita mwenyewe, akampa njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye nyeupe, na kumwambia: "Tia." Nyeupe hiyo haikuwa ya barabarani, ile huingia umanjano. Ilikuwa dawa ya meno iliyokorogwa na gundi ya mbao.

Alianza mtindo huo siku ustadhi mmoja wa wadi yetu alipomkemea mbele ya watu kwamba wachoraji wataulizwa Kiyama, wataambiwa wazipulizie roho picha zao. Fundi alikuwa mtu wa sala tano. Alikaa siku nzima hakugusa rangi. Kesho yake akasema: "Mimi roho ya mtu siigusi. Mato nitachora, nuru atatia mwenyewe." Ustadhi alitikisa kichwa, hakuridhika. Lakini mwezi haujaisha alikuja mezani akauliza, kwa sauti ya chini, kama joho lake linaweza kuwa la kijani.

Makosa yalikuwa mengi. Mkono wa mtu hutetemeka akijitia nuru. Ukiiweka chini sana, mtu anaonekana kama ameangusha shilingi. Ukiiweka kando, anamtazama mtu aliye nyuma yako. Fundi hakuruhusu kurekebisha hata moja. "Ndiko alikotaka kutazama," husema, na picha inakwenda.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya mkono. Humo ndani hakuna vioo, mnajua. Alikuja mzee mmoja wa Changamwe, zamani kuli wa bandarini, mabega kama mlango. Nikamchora, nikajisifu moyoni, nikamgeuzia picha. Akaitazama kitambo.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni baba yangu."

"Ni wewe, mzee."

"Kijana, baba yangu simjui? Alikufa ana mvi hizo hizo."

Nikajaza maji kwenye sinia jeusi, nikamwekea kivulini, akainama. Alikaa ameinama mpaka maji yakatulia kabisa. Aliponyanyuka alisema tu, "Basi nimemfikia," akachukua njiti akatia nuru kwa mkono thabiti kama fundi saa. Mimi ndiye niliyetoka nje kupangusa macho. Wageni, sinia la maji liwe karibu kila mara, na picha msimgeuzie mtu kwa ghafla.

Fundi Mbwana alimaliza kifungo chake, akatoka. Aliniachia brashi ya paka na neno moja: "Nuru usitie. Hata wakikupa gereza lote." Nikacheka. Gereza lote nilitakie nini?

Sasa nifike kwa Kahindi.

Kahindi mnamjua, yule mrefu wa jikoni anayeimba huku akipepeta maharage. Amefungwa maisha. Kwao ni Kiembeni. Mama yake alikuja kumwona mara moja tu, mwanzoni kabisa. Akamwona nyuma ya wavu na kunguru mwilini, akaanguka, akabebwa. Tangu siku hiyo Kahindi alimkataza asije tena, na mama akamtuma Dama, dada yake Kahindi, aje na maneno haya: "Mama anasema akifumba macho akutafute, anaona mistari tu. Uso wako umempotea." Picha ya zamani haikuwepo hata moja nyumbani.

Kahindi akaja mezani. "Wataka kuvaa nini?" nikamuuliza, maana sasa mwenye meza ni mimi.

Hakufikiri. "Shati la manjano lenye mananasi. Mayo, mama yangu, alininunulia sokoni Kongowea nilipopata kazi ya kwanza. Kifungo cha pili kutoka juu ni cheusi. Vingine vyeupe."

"Kwa nini cheusi?"

"Kilipotea, akashona alichokuwa nacho. Usisahau cheusi, tafadhali ndugu yangu."

Nilifanya kazi hiyo kama ya harusi. Dama alipokuja tena alituambia mama ameshapigilia msumari ukutani, mkabala na kitanda. Hata kalenda ya duka alikataa isitundikwe pale. Picha ikaisha, ikabaki nuru tu, na Kahindi alisema ataitia siku Dama akija kuichukua, aitie mkono ukiwa umefurahi.

Kabla Dama hajafika, akaja Rula.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa afande mpya wa karakana, akitembea na rula ya chuma kwapani, anapima meza, anapima vitanda, nasikia hata mkate. Alipita mezani akamwona Kahindi wa gunia ameanikwa juani na mananasi yake.

"Huyu ni nani?"

"Kahindi wa jikoni, afande."

"Kahindi ana shati hilo?"

"Alikuwa nalo, afande."

"Mfungwa ana sare moja tu." Akaichapa picha kwa rula, pa, kifuani. "Kuanzia leo hakuna picha inayotoka getini bila sare. Na nataka sita za maonyesho, wote na sare. Anza na huyu. Mvishe."

Kahindi alikuwa mlangoni na sufuria la chai, amesikia yote. Hakupaza sauti. "Ukimvisha hiyo," akaniambia mimi, si afande, "sitii nuru. Mama yangu nimwongezee mistari mingine ya nini?"

Nikaweka brashi chini. Mimi, mbele ya afande, nikaweka brashi chini.

"Sijui kuchora kunguru, afande."

"Unachora nyuso za watu, mistari hujui?"

"Sijajifunza."

Basi akaichora mwenyewe! Akavua kofia, akachukua brashi ya kupakia milango, akaweka rula yake kwenye picha na kuvuta nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, juu ya mananasi, juu ya kifungo cheusi. Nawaambieni kama fundi: mistari ile ilinyooka kama njia ya ndege pale Airport. Haikupinda begani, haikuvimba kifuani. Ukimtazama, Kahindi amesimama nyuma ya geti.

Na nyingine tano akazitoa katika zile nilizokuwa nimeshachora zikabaki nuru tu, zikiwemo za ustadhi na yule mcheshi waliotaka picha ya pili, akazivisha vivyo hivyo, kwa rula. Kisha akapita wadini na kopo la nyeupe na njiti, kila mmoja atie nuru yake, maana alijua mtindo wetu na alitaka kazi iishe. Hakutia mtu. Ustadhi alisema ana udhu, hashiki rangi. Yule mcheshi aliitazama picha yake, Rula ameufumba mdomo kwa nyeusi na kulificha jino, akasema: "Afande, huyu simjui. Mimi nina jino la dhahabu." Wadi nzima ilicheka mpaka king'ora kikapigwa.

Dama alikuja siku yake akarudi mikono mitupu. Kahindi alipewa nafasi ya kumpa ile ya mistari, akaikataa hapo hapo getini. Dama akamuuliza kwenye wavu, "Nimwambie mama aung'oe msumari?"

"Mwambie auache."

Siku ya maonyesho nilipelekwa mjini na pingu mkono mmoja, wa kulia wameuacha huru ili niwaonyeshe watu ninavyochora. Banda letu lilikuwa na makochi, kabati, kabichi kubwa kubwa, na zile picha sita chini ya kibao: WAFUNGWA WALIOREKEBIKA. Watu walikuwa wakifika pale kwenye picha wanapunguza sauti, kisha wanakimbilia kabichi.

Akaja mama mmoja mgeni wa heshima, kilemba kikubwa, na wapambe wake nyuma. Rula amesimama wima kama rula.

"Kazi nzuri," yule mama akasema. "Lakini mbona hawa wote hawanioni? Niko mbele yao na hawanioni."

"Bado kumalizia kidogo tu, mheshimiwa," Rula akajibu. "Na mchoraji yupo hapa hapa. Wewe! Malizia macho."

Njiti ilikuwa mezani, nyeupe iko koponi. Nukta kumi na mbili tu. Ningezitia kwa muda wa kupiga chafya mbili na tungerudi gerezani salama, na chakula cha jioni ningekikuta.

"Haiwezekani, afande."

"Umesema?"

"Nuru ya jicho hutiwa na mwenye jicho. Wenyewe wako wadini. Waleteni, mimi nitawashikia kopo."

"Nimekwambia utie!"

"Nimekusikia, afande."

Yule mama akanigeukia. Hakuwa mkali, alikuwa anauliza kweli. "Na wewe ukitia, kijana wangu, kutaharibika nini?"

"Hakuna, mama. Itakuwa dawa ya meno tu."

Akaitazama picha ya Kahindi, akaisogelea mpaka kilemba kikaigusa fremu. "Basi waacheni hivyo hivyo," akasema, akaenda kwenye kabichi. Nasikia alizisifu sana.

Tuliporudi, Rula aliivunja brashi ya paka juu ya goti lake mbele ya karakana nzima. Meza ya rangi ikafungwa, mimi nikapelekwa jikoni kuosha masufuria. Alidhani ananiadhibu. Afande wetu huyu alikuwa hodari wa vipimo, lakini alisahau kwamba nyeusi yetu hutoka jikoni, na Kahindi naye yuko jikoni.

Kila asubuhi, kabla sijaanza kusugua, nilichovya kidole kwenye masizi nikamchora Kahindi kwenye tako la sufuria kubwa la uji. Yeye anapepeta maharage, anaimba, mimi namtazama: sikio kwanza, taya, kile kikovu cha nyusi. Kisha nasugua, uso unaondoka na povu. Kesho tena. Wapishi walinicheka, "Mwenzetu anaosha na kuchafua!" Sikujali. Nilikuwa naufunga uso ule ndani ya mkono wangu, maana picha wanaweza kuizuia getini, gunia wanaweza kulipekua, lakini mkono wangu siku ya kutoka watautoa wenyewe, tena kwa kuupigia saluti. Hawakupiga saluti. Lakini waliutoa.

Rula alihamishwa baadaye, tena kwa kupandishwa cheo, ndivyo wanavyofanya. Meza ikafunguliwa, ninyi mkaja. Amri ya sare getini ikabaki, na zile picha sita ziko ukutani kwenye ujia wa ofisi mpaka leo. Mkipita pale kupiga deki mtaziona. Hazimtazami mtu. Na kila afande mpya akija atawaambia mzitie nuru, kwa sababu zinamkosesha raha. Mjibuni kwa heshima, na muite afande, lakini mjibuni kama nilivyojibu.

Nilipotoka sikukaa. Ndugu yangu ana kibanda cha kinyozi hapa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, nikaanza kumchorea vichwa ukutani, mitindo yote. Fundi Mbwana nilimwendea Likoni, bado anaandika majina ya vibanda, mkono wake haujazeeka. Aliniambia wangu bado mzito. Nikanunua rangi ya duka. Rangi ya ngozi, imo tayari ndani ya kopo! Niliifungua nikainusa, nikaiacha, nikatengeneza chai ya rangi. Nikamchora Kahindi kwa mkono ule wa masufuria. Sikuwa na picha wala mtu wa kutazama, na sikusita hata kwenye kikovu. Nikamvalisha mananasi. Kisha nikampigia simu Dama anipeleke Kiembeni.

Nyumba ni ya chumba kimoja na uwanja mdogo uliofagiwa. Mama Kahindi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekataa?"

"Ndimi, mama."

"Wakakufanya nini?"

"Wakanipa masufuria nioshe."

"Ah! Mimi naosha masufuria maisha yangu yote, na sikumkatalia mtu kitu." Akacheka, na kicheko chake ni kile kile cha mwanawe, nikauma mdomo.

Nikamuuliza kwanza kama yuko tayari. Kisha nikaigeuza picha pole pole. Hakutazama uso. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kifungo cha pili, kile cheusi, kikakaa pale. Dama alikuwa amejishika mdomo. Ndipo mama akainua macho taratibu, kama mtu anayepanda ngazi, akafika usoni.

"Ni yeye," akasema. Halafu: "Mbona hanitazami?"

Nikamweleza: Fundi Mbwana, ustadhi, njiti, dawa ya meno. Nikamwambia nuru ni haki ya Kahindi, na mimi siwezi kuitia, nilimkatalia Rula na siwezi kuitia hata hapa. Siku atakapotoka, inshallah, ataitia mwenyewe.

"Mwanangu kafungwa maisha. Waniambia ningoje mpaka lini?"

Nikautazama msumari ukutani.

"Huyo mzee wenu alisema atie nani? Mwenye jicho?"

"Ndiyo, mama."

"Na jicho hili lilitoka kwa nani?"

Wenzangu, nimesimama mbele ya wakuu wa gereza nikawa na majibu. Mbele ya mwanamke yule mwenye mchicha kwenye mapaja nikafungua kopo la nyeupe.

"Lete njiti," akasema.

Nikachovya, nikampa. Alijifuta mikono kwenye leso kwanza. La kushoto, akavuta pumzi. La kulia, nukta ikaangukia pembeni. Sikuirekebisha, maana Fundi asingenisamehe. Dama akaitundika kwenye msumari, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Mama, umemfanya atazame mlangoni."

"Muache atazame huko huko," mama akasema, akaurudia mchicha wake. "Ndiko atakakoingilia."

Hapo pa mwisho pasomeni kwa sauti, Kahindi apasikie vizuri. Na wewe afande, kama kalamu yako nyeusi inakuwasha, kafute kwingine.